Yule mzee aliyeniambia "hata mama ntilie analiona" mbele ya mteja, leo nasema yote

Mpima_Udongo (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni, naandika nikiwa nimesimama ndani ya daladala mkono mmoja umeshika bomba kwahiyo mkiona herufi zimerukana mnisamehe, nikisema nisubiri nifike nyumbani nitapasuka.

Mnamjua. Sitaji jina maana hakuna haja. Yule mzee wa kalamu nyekundu, anayeingia kikaoni watu mmeshakaa dakika arobaini halafu anauliza mbona hamjaanza. Kila aliyepita maabara ya udongo mji huu ameshaonja, na kama bado hujaonja zamu yako ipo njiani.

Leo kanambia, mbele ya mteja, mbele ya mkandarasi, mbele ya dada aliyeleta chai na maandazi: "Kijana, macho yako yanaangalia wapi? Hili goti hata mama ntilie analiona."

HATA MAMA NTILIE.

Ngoja niwape picha. Sampuli ya udongo mfinyanzi, kipande cha upana wa milimita 75 na unene wa milimita 20, unakiweka kwenye pete, unakizamisha kwenye maji, unakitwisha mzigo. Kilopaskali 25, unasubiri masaa 24. Kesho yake 50. Kesho kutwa 100. 200, 400, 800, 1600, kila siku unazidisha mara mbili. Siku saba za kupakia tu, hapo hujaanza kupakua. Na kila mzigo mpya unakaa na saa mkononi unasoma geji dakika ya 1, ya 2, ya 4, ya 8, ya 15, ya 30, saa 1, mpaka kesho yake. Jumapili watu wako Kigamboni wanakula pweza mimi nipo peke yangu na udongo unaoshuka sehemu ya mia ya milimita. Mchumba wangu kashaanza kuuliza huo udongo unaitwa nani.

Ukimaliza unachora grafu, kiasi cha matundu ndani ya udongo upande wa kusimama, mzigo kwa logi (yaani kila hatua inazidisha, haijumlishi) upande wa kulala. Grafu inaanza imelala, halafu inajikunja, halafu inaporomoka moja kwa moja. Pale inapojikunja kwa ukali kuliko kote sisi tunapaita goti, na goti ndo kila kitu, maana udongo una kumbukumbu, unakumbuka mzigo mkubwa kuliko yote uliowahi kubebeshwa tangu uwepo. Ukiujengea chini ya huo mzigo unatitia kidogo tu, ukivuka unatitia mpaka milango haifungi. Njia yenyewe ni ya Casagrande, mtaalamu wa udongo, ya mwaka 1936: unachagua goti kwa jicho, unachora mstari wa kulala, unachora mstari unaogusa grafu palepale, unaigawa ile pembe katikati, halafu ule mstari wa mporomoko unaurudisha juu mpaka ukutane na huo wa katikati, mzigo wa pale ndo jibu. Nimefanya kwa rula na kipimapembe, mara tatu, nikapata karibu kilopaskali 110.

Sasa yeye kafanya nini. Kachomeka laptopu kwenye projekta, kaona grafu yangu ndogo, KASHIKA KONA YA GRAFU NA MAUSI AKAIVUTA KWA PEMBENI mpaka ikajaa ukuta mzima. Grafu ikalala kama mtu aliyeshiba pilau la harusi. Goti likahama kwenda kulia. Anakuja kwangu na kidole, hili hapa, akachora mistari yake juu kwa juu, 160. Halafu ndo akasema ile kauli.

Mkandarasi akacheka mpaka akakohoa. Mteja akaandika 160 kwenye daftari akapigia mstari mara mbili, nimeona kwa macho yangu haya haya yasiyoona. Na jengo linakuja kukandamiza pale 140! Kwangu mimi linavuka kumbukumbu ya udongo, kwake yeye lipo salama salmini, na tofauti ni kuvuta picha na mausi.

Halafu mama ntilie kamkosea nini? Mama ninayekula kwake kila mchana wali maharage hajawahi hata siku moja kuvuta sufuria ili wali uonekane mwingi. Angeliona goti vizuri kuliko yeye.

Nimekwazika wakuu. Hata mama ntilie. Kwa siku saba za kulala na stopuwochi.

Kibaraza_Cha_Chai

Nimesoma yote hii nikadhani umefukuzwa kazi kumbe umeambiwa huoni. Mkuu vaa miwani maisha yaendelee

Nondo_Kumi

Duh huyo mzee bado yupo tu. Mimi alinichorea ripoti nzima nyekundu mpaka mke wangu akadhani nimeumia. Kosa langu nilisahau kuandika namba ya ukurasa.

Dada_wa_Macho

@Kibaraza mambo ya miwani usiyafanyie mzaha, mi nipo kliniki ya macho na sisi maisha yetu yote ni mkunjo mkali kuliko yote. Kuna vijana konea zao, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, zinachongoka mbele kama koni, mashine inakupa ramani ya jicho na kinachotazamwa ni pale palipojikunja sana. Konea ya kawaida inacheza kwenye diopta 43 hivi, ndo kipimo chetu cha mkunjo, ukikuta mtu ana 52 na miaka 17 unajua hapa kuna shida, na tukimpima tena baada ya mwaka ikaongezeka hata diopta 1 tunajua inakimbia. Na mzazi anakuja amechelewa kwa sababu mtu mtaani kamwambia mtoto anasoma sana simu. ACHENI KUSUGUA MACHO, ndo ombi langu, mtoto ana mzio anasugua mchana kutwa nyie mnamwangalia tu.

Mwl_Kalkulasi

Mleta mada yupo sahihi na wala si suala la macho. Pale penye mkunjo mkali kuliko kote hapabaki palepale ukivuta ekisi moja (upande mmoja wa vipimo vya grafu) ukaiacha nyingine. Chukueni karatasi. y = ln x, kokotoa mkunjo, unakuwa mkubwa kabisa kwenye x = 0.707. Sasa vuta upande wa kusimama mara 10, yaani y = 10 ln x, data ni ileile hakuna kilichobadilika duniani, goti limehamia x = 7.07. Ukivuta kwa kusimama goti linakimbilia sehemu ya grafu iliyolala, ukivuta kwa pembeni linarudi kwenye mteremko. Ndo maana grafu ya mzee ikampa namba kubwa. Hii nafundisha kidato cha sita kila mwaka na kila mwaka kuna mtoto anabisha.

Saruji_na_Kokoto

Mwalimu asante ila tusimwonee mzee wa watu. Casagrande mwenyewe alisema chagua kwa jicho, na jicho la mtu wa miaka thelathini kazini si sawa na la dogo wa juzi. Halafu dogo nawe unategemea njia moja tu kwanini? Kuna ya Becker na wenzake ya 1987, unajumlisha kazi iliyofanyika kwa ujazo wa udongo, unachora kwa ekisi za kawaida bila logi, unapata mistari miwili iliyonyooka na zinapokatana ndo jibu lako. Hakuna goti hakuna magomvi. Ungeenda kikaoni na njia mbili asingekuwa na pa kukushika.

Mpima_Udongo

@Saruji mkuu mimi sijakataa njia mbili, mimi nakataa HATA MAMA NTILIE. Angesema "kijana rudia" ningerudia. Angeniita pembeni ningeenda. Angenitukana ofisini mlango umefungwa ningesema shikamoo mzee nikatoka. Mbele ya dada wa chai! Yule dada kaweka andazi kwenye sahani yangu kwa huruma mkuu, LA PILI, sijaomba!

Kibaraza_Cha_Chai

Kumbe ulipata andazi la bure na bado unalia

Takwimu_Tupu

Poleni watu wa udongo lakini na sisi wa data tuna kiwiko. Unagawa wateja makundi, unachora makosa yanavyopungua kila ukiongeza kundi, unatafuta pale mstari unapokunja kama kiwiko. Bosi wangu kila data nikimpelekea anaona makundi 4. Data ya wakopaji 4, ya mahindi 4, mara moja nilimchorea mstari ulionyooka kabisa hauna kona yoyote akasema 4. Kuna programu ya 2011 inaitwa Kneedle, inabana ekisi zote mbili ziwe kati ya 0 na 1 kwanza ndo itafute goti, kwahiyo hata uvute picha kwa katapila jibu halihami. Mleta mada itumie hiyo. Mimi niliitumia ikasema 6, bosi akasema programu imekosea.

Mzee_wa_Lami

Nyie mnalia na makaratasi. Kwetu sisi wa barabara mkunjo ukikosea watu wanazikwa. Kona ya spidi 80 ukiilaza asilimia 8 na msuguano wa 0.14, nusukipenyo hakitakiwi kushuka chini ya mita 229, piga hesabu mwenyewe, 80 mara 80 gawa kwa 127 mara 0.22. Dereva akiingia na 110 kwenye kona hiyo nguvu ya kumtupa nje imekaribia mara mbili, maana spidi inapigwa kwa yenyewe. Tunaweka kibao cha kona, asubuhi kibao hakipo, kimeenda skrepa. Tunarudishia. Kinaenda. Nimechoka kuliko mleta mada mara mia.

Dereva_Tunduma

Mzee wa lami samahani na heshima zangu kwako lakini kona nyingine ni nyie. Unaingia imekaa vizuri katikati inabana ghafla, usukani umeshaukata huna tena pa kukata na nyuma una tani 30. Mlima Kitonga angalau najua ni Kitonga, nashusha na gia ndogo toka juu, naomba Mungu. Zinazoua ni hizi ambazo hazina jina.

Mzee_wa_Lami

@Dereva hapo umesema kweli kabisa, ile inayobana katikati ni dhambi. Kona inatakiwa ikaribishe gari polepole, mkunjo unaongezeka kidogo kidogo toka kwenye mstari ulionyooka mpaka ufike ukali wake wa mwisho, hapo ndo usukani unazunguka kwa mwendo mmoja mikono imetulia. Reli wamefanya hivyo tangu karne ya 19. Ukiona inabana ghafla ujue mtu kakwepa kulipa fidia shamba la mtu.

Mpima_Udongo

Wakuu naomba turudi kwenye mada. Nimefika nyumbani, nimefungua faili, nimevuta grafu kwa kusimama goti likaenda 85, nimevuta kwa pembeni ikaja 160, na mausi tu! Kesho nampelekea zote tatu nimezichapa. Hata mama ntilie ataona.

Nondo_Kumi

Mi mada yangu ni mafundi. Unamwambia nondo ya 12 ikunjie kwenye kishikio cha mduara, anaikunja kwenye pembe ya jiwe kwa nyundo, mkunjo mkali kama mwiba, mgongoni nondo inapasuka nywele nywele. Halafu akiona imekaa vibaya ANAINYOOSHA anakunja tena palepale. Hiyo ndo nguzo ya nyumba yangu wakuu.

Faiba_Mpaka_Chumbani

Nondo zikunjwe tu nyie mnaziona. Njoo kwetu. Namfungia mteja faiba, ule waya wa intaneti unaopitisha mwanga, jumatatu inakimbia safi, jumatano anapiga simu anatukana mpaka ukoo wangu. Nafika nakuta waya umekunjwa nyuma ya kabati umefungwa na kamba ya kiroba. Faiba za kawaida tunazihesabia nusukipenyo cha milimita 30, hizi za G.657.A2 zinavumilia mpaka 7.5, chini ya hapo mwanga unatokea kwenye kona unapotea. Nikichomeka tochi ya leza nyekundu namwonyesha, pale kwenye mkunjo panawaka kama kichwa cha sigara, ananijibu "sasa si ndo inawaka, inafanya kazi."

Dada_wa_Macho

😂😂 faiba usiangalie hiyo leza na jicho

Dereva_Tunduma

Faiba kaka, kwangu waya umepita chini ya mlango wa bati na mlango unafungwa kila siku, ndo maana usiku intaneti inakufa au? Maana nikitoka na lori alfajiri wife anasema inarudi

Faiba_Mpaka_Chumbani

@Dereva acha mlango wazi kwanza, nakuja kesho saa nne. Na usiuvute huo waya.