Ushauri: Niwaoneshe wanafunzi filamu ya Queen iliyonivunja moyo?

Mwalimu wa Vikokotoni
Assalaam alaykum. Ninafundisha muziki kikundi cha vijana 12 hapa Mjini Unguja, na nimewaahidi kuwa Jumamosi tutatazama filamu ya makala kuhusu Queen, bendi ya roki ya Uingereza ambayo mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa hapa hapa mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Wazazi wameshaarifiwa, lakini juzi niliitazama peke yangu nikajuta. Kwa dakika 90 ni watu waliokaa vitini wakizungumza, hakuna wimbo hata mmoja unaosikika mpaka mwisho, na Zanzibar imeambulia jahazi moja na machweo. Linaloniuma zaidi ni kwamba wenzake Mercury katika bendi, Brian May, Roger Taylor na John Deacon, ambao kila mmoja wao alitunga nyimbo zilizovuma, wanapita kama wapambe wa bwana harusi. Niioneshe, au niwavunjie ahadi?

Fundi wa Malindi
Kuhusu nyimbo, anayetaka kutia wimbo uliorekodiwa katika filamu huhitaji ruhusa mbili, ya wenye utunzi na ya wenye rekodi, na asiyezipata hubakiwa na mahojiano. Hata hivyo, hilo lilipaswa kuandikwa kwenye jalada kabla hujatoa fedha zako.

Bibi wa Shangani
Mwanangu, filamu imeeleza kwamba mtoto yule alipelekwa skuli ya bweni Panchgani, India, na kwamba huko ndiko alikopiga piano katika bendi ya wanafunzi wenzake? Alirudi Unguja mwaka 1963, na mwaka uliofuata, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Uingereza. Anayeiruka India akatuwekea machweo hajatutendea wema hata sisi wa huku. Wasimulie wewe mwenyewe, filamu iache.

Mpiga Ganuni
Kwa heshima zote, Bibi, vijana wakisimuliwa tu watasinzia. Mwalimu, chukua "Bohemian Rhapsody" ya mwaka 1975, ambayo inakaribia dakika sita na haina kiitikio. Kwaya kubwa unayoisikia katikati ni sauti za watu watatu, Mercury, May na Taylor, walizozirekodi juu ya nyingine mara nyingi mno kwenye tepu ya njia 24, yaani inayoweza kubeba rekodi 24 kando kando. Wagawe wanafunzi makundi matatu, kila kundi lishike sauti yake, kisha uzirekodi na kuzipandisha moja juu ya nyingine. Baada ya hapo waoneshe dakika 10 za filamu hiyo, uwaulize wao wangemuuliza nini Brian May kama kiti kile kingekuwa mbele yao. Ninaamini maswali yao yatawashinda waliolipwa kuuliza.

Mwalimu wa Vikokotoni
Nashukuru sana. Bibi, India imetajwa kwa sentensi moja na piano haikutajwa kabisa, kwa hiyo hilo nitalisimulia mimi, kwa ufupi. Dakika 10 nitazikata pale wanapozungumzia onesho la Live Aid, lile tamasha la hisani la uwanja wa Wembley, London, Julai 1985, kwani ndipo pekee msimulizi aliponyamaza kidogo. Maalim wa ganuni, kurekodi sauti juu ya sauti kunawezekana kwa simu, au nitafute kompyuta?

Mpiga Ganuni
Kompyuta ninayo, na Jumamosi nina nafasi. Wewe tafuta spika.