Uzi maalumu: Kuzunguka dunia kwa bajeti finyu huku unaandika blogu. Tupeane uzoefu

Kiguu na Njia (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam.

Nimechoka kusoma blogu za safari ambazo mwenyewe akiulizwa hela anatoa wapi, anajibu kwa picha ya machweo. Humu tuzungumze hesabu. Kila mtu aeleze alichokifanya kwa mikono yake: usafiri, malazi, viza, na kama blogu inaingiza chochote au ni mapenzi tu. Wauza kozi za "acha kazi usafiri dunia" mtupishe kidogo.

Naanza mimi. Nina kidaftari ambacho kila hela inayotoka naiandika siku hiyohiyo, hata ya choo cha stesheni. Siku moja nikakaa nikakipitia ukurasa kwa ukurasa, nikaona tiketi za ndege si mlaji mkubwa hata kidogo. Mlaji ni kuhamahama. Siku ya kuhama unalipa usafiri wa kwenda stesheni, unalipa kuweka begi, unakula popote kwa bei yoyote, ukifika ugenini usiku unachukua kitanda cha kwanza unachokiona kwa sababu mtaa huujui. Siku ya kukaa hayo yote hayapo. Ukikaa mwezi mahali pamoja, wenye nyumba wengi wanakupa punguzo la mwezi, unapika mwenyewe, unanunua kadi ya usafiri ya wiki au ya mwezi badala ya tiketi mojamoja.

Na kuna faida ya pili ambayo mwanablogu ndiye anaijua. Aliyekaa siku mbili mjini anaandika yaleyale kumi yaliyoandikwa na kila mtu. Aliyekaa mwezi anajua basi gani huwa halifiki, soko linafunga saa ngapi, na mtaa upi kelele zake hazilaliki. Wasomaji wanakuja kutafuta hayo.

Tahadhari moja kwa wanaopenda kutulia: hesabu viza kwanza. Eneo la Schengen kwa mfano, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka baina yao, lina nchi 29, lakini kwa mgeni wa muda mfupi zote zinahesabika kama nchi moja: siku 90 ndani ya kila siku 180. Kuvuka kutoka Ufaransa kwenda Hispania hakuanzishi hesabu upya. Karibuni.

Bi Mkoba

Asante kwa uzi, mkuu. Mimi niwape somo la tiketi za bei ya kutupa, maana nimezipanda sana na bado nazipanda.

Bei unayoiona mwanzoni ni bei ya mwili wako na kijibegi kinachoingia chini ya kiti. Begi la juu wanalipisha, kuchagua kiti wanalipisha, na baadhi ya mashirika yanalipisha hata kuchapishiwa pasi ya kupandia pale kaunta. Halafu angalia ndege inatua wapi. Uwanja wa Beauvais unaitwa wa Paris, lakini uko takriban kilomita 85 kutoka Paris. Wa Hahn uliuzwa miaka mingi kwa jina la Frankfurt, na uko zaidi ya kilomita 100 kutoka mjini. Ukifika saa nne usiku, basi la kukuingiza mjini linaweza kukaribia bei ya ndege yenyewe. Kwa hiyo mimi silinganishi tiketi na tiketi. Nalinganisha kutoka mlango wa nilikolala hadi mlango wa nitakapolala, na mara kadhaa treni ya bei "ghali" imeshinda.

Kubwa zaidi, na hili naomba msome mara mbili: tiketi mbili tofauti zilizounganishwa na wewe mwenyewe. Unanunua A kwenda B kwa shirika hili, B kwenda C kwa shirika lile, unajiona mjanja. Shirika la kwanza halijui habari za C. Begi lako litatoka B, na wewe itabidi uingie nchini ulichukue, ukajisajili upya. Kuingia nchini kunaweza kutaka viza. Na kwa baadhi ya pasipoti, hata kupita tu uwanjani bila kutoka kunataka viza ya kupitia, Uingereza na Schengen wote wana orodha zao. Pasipoti zetu humu hazilingani, usifuate ushauri wa mwanablogu mwenye pasipoti inayofungua kila mlango. Nimesimama kwenye foleni nyuma ya kijana aliyerudishwa kaunta kwa sababu hiyo, tiketi zote mbili mkononi. Ndege ya kwanza ikichelewa ukaikosa ya pili, hapo napo ni juu yako.

Mtoro wa Ofisi

Nimeweka kambi hapa. Swali: kuna anayejua kama tiketi ikishalipwa ndiyo basi? Mimi kidole huwa kinatangulia akili.

Bi Mkoba

Inategemea. Kwa safari za kuingia au kutoka Marekani kuna kanuni inayokusaidia: ukinunua moja kwa moja kwa shirika, siku saba au zaidi kabla ya safari, shirika linatakiwa likuruhusu ama kufuta ndani ya saa 24 ukarudishiwa hela yote, ama kushikilia bei hiyo kwa saa 24 bila kulipa. Kwingineko soma masharti, mdogo wangu, na hicho kidole kifunge kamba.

Mpagazi

Upande wangu ni kubadilishana kazi na malazi. Unafanya kazi saa chache kwa siku, mwenyeji anakupa kitanda na chakula. Mtandao wa mashamba wa WWOOF, ulioanzia Uingereza mwaka 1971, ndio mkongwe wa jambo hili, na siku hizi kuna majukwaa ya hosteli, shule za lugha, hata majumba yanayokarabatiwa. Nimepaka rangi, nimekaa mapokezi ya hosteli zamu ya usiku, nimelisha mbuzi waliokuwa na akili kunishinda.

Kabla hujaenda, andikianeni haya: saa ngapi kwa siku, siku ngapi za mapumziko, unalala na nani, chakula ni milo yote au asubuhi tu, intaneti ipo au haipo. Mwenyeji anayekwepa maswali hayo kwenye ujumbe atakukwepa zaidi ukishafika. Nilishafika mahali pamoja saa tano kwa siku zikageuka kutwa nzima. Nikaaga mapema, sikugombana na mtu.

Ila jambo ambalo blogu nyingi zinalipita kimyakimya: nchi nyingi zinahesabu kitanda na chakula kama malipo. Ukimwambia ofisa wa mpakani "nakuja kusaidia shamba napewa malazi," kwake wewe ni mfanyakazi mwenye viza ya utalii, na anaweza kukurudisha ulikotoka. Uingereza mgeni wa kawaida anaruhusiwa kujitolea hadi siku 30, tena kwa taasisi ya hisani iliyosajiliwa. Shamba la mtu binafsi halimo. Soma kanuni za nchi unayokwenda kwenye tovuti ya serikali yake. Usitegemee maneno ya mwenyeji, akirudishwa mtu mpakani si yeye.

Pamoja na hayo, makala zangu zilizosomwa kuliko zote zimetoka kwenye zamu zile za usiku. Mapokezi ya hosteli saa nane usiku unasikia mambo ambayo hakuna kitabu cha watalii kitakuambia.

Upepo wa Kusi

Mimi naishi kwa vya bure. Hamtaamini vilivyo vingi.

British Museum mjini London kuingia ni bure. Makumbusho ya Smithsonian ya Washington, bure. Makumbusho ya Prado ya Madrid yanafungua milango bure saa mbili za mwisho kila siku, na kwangu saa mbili zinatosha, baada ya hapo miguu ndiyo inayotazama michoro. Italia makumbusho ya serikali ni bure Jumapili ya kwanza ya mwezi (foleni yake mtajiju). New York, achana na boti za watalii kama unataka tu kuiona Sanamu ya Uhuru kwa jirani: kivuko cha kwenda Staten Island hakilipishwi na kinapita karibu nayo, kwenda na kurudi. Luxembourg ndiyo imemaliza kazi, tangu mwaka 2020 mabasi, tramu na treni za daraja la pili ni bure nchi nzima, mgeni na mwenyeji.

Ila yale matembezi ya mjini yanayotangazwa kuwa ya bure, hayo si bure. Kiongozi anaishi kwa bakshishi, na mara nyingine anailipa kampuni iliyomletea wageni kwa kila kichwa kilichohudhuria. Ukiondoka bila kutoa kitu umemwachia deni. Usije ukaandika kwenye blogu "nimetembezwa bure" ukadhani umesifu.

Kinyonga wa Mabweni

Nami niongezee kwa kina dada. Kulala bweni la hosteli ni salama kuliko watu wa nyumbani wanavyodhani, nyingi zina chumba cha wanawake pekee. Ninachokataa kubana ni saa ya kufika. Tiketi ya kufika alfajiri au usiku wa manane ikiwa rahisi, naiacha, nalipa zaidi nifike mchana. Na bima ya safari. Schengen wanailazimisha kwa anayeomba viza, isipungue euro 30,000 za matibabu, lakini mimi naikata hata nchi isiyoiuliza. Kitanda cha hospitali ugenini kinaweza kula akiba ya miaka.

Kipengele kidogo cha kufurahisha: kadi ya chanjo ya homa ya manjano tangu Julai 2016 haiishi muda, ni ya maisha. Mtu akikwambia urudie kila miaka kumi anafuata kanuni ya zamani.

Kalamu Kavu

Haya, mmekwepa blogu yenyewe. Ngoja niseme mimi.

Blogu yangu haijawahi kunilipia safari nzima. Inalipia vipande. Kamisheni za viungo vya malazi (linki unazoweka kwenye makala, msomaji akipanga chumba kupitia hapo unapata asilimia) zinakuja kwa kusuasua, na unalipwa msomaji akishakaa na kuondoka, si siku aliyobonyeza. Ukiandika leo kuhusu mji ambao watu wanautembelea mwezi wa saba, hela utaiona mwezi wa tisa au wa kumi. Anayepanga kula kwa makala ya jana atalala njaa. Matangazo nayo yanataka wasomaji wengi mno. Kisha injini ya utafutaji inabadilisha vigezo vyake, unaamka wasomaji wamepungua nusu na hakuna wa kumuuliza. Tangu hapo nguvu zangu nimezihamishia kwenye orodha ya barua pepe. Hao ni wangu, hakuna anayesimama katikati.

Kinachonilisha ni kazi za pembeni zilizotokana na blogu: kuwaandikia wengine, kutafsiri, kuhariri picha. Blogu ni dirisha la duka.

Na vyumba vya bure vya hoteli? Vipo, lakini mkono mtupu haulambwi. Meneja atauliza una wasomaji wangapi, wanatoka wapi, utampa nini. Ukipewa, waambie wasomaji kwamba umepewa, juu kabisa ya makala. Huo ni uungwana, na katika nchi kadhaa ni sheria. Mimi siku hizi nakataa nyingi, maana chumba cha bure kinakuja na ratiba ya mwenye hoteli, na kuandika kwamba godoro ni bovu kunakuwa kugumu ghafla.

Mnaojiona mmebuni jambo, mkumbukeni Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco. Alitoka mji wa kwao, Tanja, mwaka 1325, ana miaka 21, akazunguka karibu miaka 30. Alilala kwa wenyeji na kwenye zawia (nyumba za masufi), na hela ilipokata alifanya kazi ya fani yake: kadhi Delhi, kadhi Maldivi. Simulizi yenyewe ilikuja kuandikwa mwishoni, aliporudi, yeye akisimulia na mwingine akiandika. Safari ililipiwa na ukadhi.

Mtoro wa Ofisi

Kalamu Kavu umenivunja moyo, lakini ahsante.

Mpagazi

Mkuu, kadhi wa Maldivi ndiyo kazi niitakayo na mimi.

Tiketi Mkononi

Nichangie la kulipwa na ndege, kwa sababu wengi hamdai. Nilikuwa natoka Ulaya, shirika silitaji, tukafika tumechelewa zaidi ya saa nne kwa hitilafu ya ndege. Kuna kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2004: euro 250, 400 au 600 kutegemea umbali. Inahusu ndege yoyote inayoondoka humo, au inayoingia humo ikiwa shirika ni la Ulaya. Mahakama ya Umoja huo ikaongeza kwamba kuchelewa kufika kwa saa tatu na kuendelea kunahesabika. Waliniletea vocha, nikaikataa, nikaandika tena nikitaja namba ya kanuni, 261/2004. Hela ikaja, na ndiyo iliyonilipia mwezi uliofuata. Hali ya hewa mbaya au uwanja kufungwa havimo, usipoteze barua. Tunza pasi ya kupandia.

Mtoro wa Ofisi

Swali la mwisho wakuu, niko mbele ya mashine ya kutolea fedha nchi ya watu, inaniuliza kama nikatwe kwa fedha ya kwetu au ya hapa. Nibonyeze ipi?

Bi Mkoba

Ya hapo. Ya kwenu wanakubadilishia wao kwa kiwango chao, na faida wameshajikatia. Ikikuonyesha neno la kukataa ubadilishaji usiogope, bonyeza kataa, hela itatoka vilevile. Na utoe nyingi mara moja, si kidogo kila siku, ada ya mashine inakatwa kila ukitoa.