Jumamosi vyuma, jioni ulanzi: msuli unajengeka kweli?

Kuli wa Mbao, Mafinga

Wakuu, habari za jioni. Napakia mbao kwenye malori hapa Mafinga, nina kilo 66. Tangu Oktoba nafanya tizi uani kwa jirani. Vyuma vyetu ni makopo ya rangi yaliyojazwa zege, bomba katikati. Siku zangu ni Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Jumamosi ndiyo ya miguu na mgongo, nzito kuliko zote. Namaliza saa kumi na moja jioni, naoga, saa kumi na mbili niko kilabuni. Mvua zimeshika, ulanzi, pombe yetu ya mianzi, umejaa, na sisi tunapenda ule uliolala ukawa mkali, mkangafu. Siku nyingine ni bia, tano hivi.

Dada yangu ni fundi cherehani, napima mkono kwa tepi yake. Oktoba ulikuwa sentimita 31, katikati ya Desemba 33. Mpaka leo mwezi wa tatu ni 33 ileile. Mwenzangu anasema pombe haina shida, ukishakula mayai manne baada ya tizi umemaliza kazi. Jibu hilo halijaniingia. Anayejua kinachotokea ndani ya msuli anisaidie.

Dada wa Uyole

Mdogo wangu, pole na kazi. Mimi nahudumia watu wa mazoezi ya viungo, na swali lako naulizwa kila wiki.

Mayai manne ni kama gramu 25 za protini. Kuna utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2014, wanaume wanane wenye mazoezi. Walinyanyua kwa miguu, wakaendesha baiskeli kwa nguvu, wakapewa gramu 25 za protini ya maziwa palepale na nyingine 25 baada ya saa nne. Kila mmoja alirudia zoezi hilo siku tatu tofauti: siku moja protini peke yake, siku nyingine protini na pombe, siku nyingine pombe na wanga. Wakatolewa vipande vidogo vya nyama ya paja kupima kasi ya msuli kutengeneza protini mpya. Waliokunywa pombe pamoja na protini, kasi ilikuwa chini kwa asilimia 24 kulinganisha na protini peke yake. Pombe na wanga, chini kwa asilimia 37. Kwa hiyo mayai yako yanasaidia, lakini hayafuti pombe.

Walikunywa gramu 1.5 za kileo kwa kila kilo ya mwili. Kwa kilo zako 66 ni gramu 99. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina karibu gramu 20. Piga hesabu: ni bia zako tano.

Sasa kwa nini. Ukinyanyua, seli za msuli zinapata amri ya kujenga, na amri hiyo hupita kwenye protini iitwayo mTOR. Pombe inaidhoofisha amri hiyo. Wewe unajua hali hii: mbao zipo chini, makuli wapo, anayeita zamu hayupo. Lori halijai. Na saa za mwanzo baada ya tizi ndipo amri ina nguvu, ndizo hizo unazozipeleka kilabuni.

Nitakuwa mkweli pia: mtu anayeanza hukua haraka miezi ya mwanzo kisha mwendo hupungua, hata asiyeonja. Lakini tepi yako imesimama Desemba, msimu wa ulanzi ulipoanza. Hilo nisingelipuuza.

Mzee wa Tukuyu

Kijana, nimecheza mpira miaka mingi. Dada ameeleza vizuri, naongeza usingizi. Mkinywa mnalala fofofo mwanzoni, saa nane usiku macho makavu, unaamka kukojoa mara tatu. Pombe inaukata usingizi ule mzito, na mkojo unaondoka na maji ya mwili. Halafu tuambie, Jumamosi usiku unakula nini?

Kuli wa Mbao, Mafinga

Shikamoo mzee. Kweli, Jumamosi silagi cha jioni. Mayai saa kumi na moja, basi, mpaka chai ya Jumapili.

Dada, nikihamishia ulanzi Jumapili itafaa?

Dada wa Uyole

Ni nafuu, ila ujenzi haukomi usiku uleule. Baada ya tizi nzito msuli huendelea kujenga siku nzima na zaidi. Ningekuwa wewe ningepeleka miguu na mgongo Alhamisi, Jumamosi iwe nyepesi. Na kiasi kishuke. Mkangafu hauna kipimo, bia angalau chupa inasema asilimia. Kabla hujatoka kula sahani kamili: ugali, maharage, usipa. Mpaka mtu kumaliza gramu 99 amepata zaidi ya kalori 690 bila protini yoyote ya kujengea.

Kuli wa Mbao, Mafinga

Asante sana dada, shikamoo tena mzee. Alhamisi hii naanza na miguu. Jumamosi nitakunywa chupa mbili nirudi nyumbani kula. Tepi dada anaitumia kwa sare za shule, nitaipata mwisho wa mwezi, nitaleta namba hapahapa.