Tupeane uzoefu: ukitoka kupewa ushauri wa saratani, unafika nyumbani na nini kichwani?

Wakuu, mama na mama mdogo wote waliugua saratani ya matiti, basi nikaenda kupewa ushauri nasaha kuhusu hatari yangu mimi. Dakika 40 nzima, nesi anaeleza kwa upole, na mimi natikisa kichwa tu. Nimepanda daladala ya Mbagala, kufika Mtoni kwa Aziz Ali dada anapiga: "Wamesemaje?" Nilichobaki nacho ni "hamsini kwa mia". Nikamwambia nusu kwa nusu nitaugua. Akalia, na mimi nikalia, konda ananishangaa.

Kumbe hamsini ile ni ya kurithi! Kama mama anabeba hitilafu kwenye jeni ya BRCA1 au BRCA2 (zikiharibika, hatari ya saratani ya matiti inapanda), kila mtoto, wa kike kwa wa kiume, ana nafasi 50 kwa 100 ya kuipata. Kuipata si kuugua. Na mama mwenyewe hata hajapimwa bado. Haya yote nilikuwa nimeambiwa siku ile ile. Nyie mlitoka na nini?

Mama Wawili: Mimi nilitoka na "uko salama". Nilipimwa saratani ya mlango wa kizazi kwa ile siki wanayopaka waone kama rangi inabadilika, furaha ikafuta mengine yote. Kadi imeandikwa nirudi baada ya miaka 3, nimeiona mwaka wa 5 nikitafuta cheti cha mtoto.

Fundi Kipara: Baba alikuwa na tezi dume, saratani. Nikaambiwa nikifika 45 nianze kupima. Nyumbani nikatangaza 55. Bahati mbaya mke wangu alikuwa nami kwa daktari, akanirekebisha mbele ya watoto 😂

Binti Temeke: Niliomba ruhusa nikarekodi kwa simu. Nilijua nimesikia "usiwe na wasiwasi", basi. Kwenye rekodi daktari anaendelea: mama yako aligundulika na saratani akiwa na miaka 42, kwa hiyo wewe uchunguzi uanze ukiwa na 32, miaka 10 kabla yake. Nina 31.

Mwanzisha mada: Binti, hiyo ya simu nimeichukua. Mimi nilidhani kurekodi ni utovu wa adabu.

Nesi Mstaafu: Wanangu, nilikuwa namuuliza mgonjwa kabla hajainuka, "Ukifika nyumbani utawaambiaje?" Hapo ndipo nilijua kilichoingia. Mzee mmoja akanijibu, "Nitawaambia nesi ana sauti nzuri." Tukaanza upya.