Nimekatwa bima ya mazao 72,000, mvua ya mawe imemaliza mahindi, naambiwa bima yangu ni ya ukame!

Wakuu, mnisamehe nikiandika kwa jazba. Nimetoka kuongea na hao watu wa bima kwa mara ya nne, na salio lenyewe limekata tukiwa katikati.

Niko Umalila, Mbeya Vijijini. Msimu uliopita kikundi chetu kilichukua mkopo wa pembejeo. Wangu ulikuwa 1,800,000 kwa heka tatu za mahindi. Pesa inaingia nakuta 1,728,000. Namuuliza afisa mikopo, ananijibu: "Hiyo ni bima ya mazao mzee wangu, shamba likiharibika unalipwa." Nikafurahi, tena nikaenda kumtambia jirani anayelima kwa hela yake ya mfukoni.

Mwezi wa pili, mahindi yametoa mbelewele, saa tisa alasiri ikashuka mvua ya mawe. Mengine makubwa kama goroli. Bati lililia mpaka watoto wakaingia chini ya kitanda. Ilipokatika nikaenda shambani: majani yamechanika yamebaki nyuzinyuzi, mabua yamelala, mawe bado yamejaa kwenye matuta, meupe. Ng'ambo ya bonde, kwa yule jirani, hakuna hata jani lililotoboka.

Bwana shamba alikuja, akapiga picha, akaandika. Nikawapigia bima, kimya wiki tatu. Halafu binti mmoja, kwa upole kabisa, ananiambia: "Mzee, bima yako ni ya ukame. Satelaiti inaonyesha eneo lenu limepata mvua ya kutosha."

Ya kutosha! Ni kweli, ilitosha mpaka ikanimaliza.

Nimekuja kuelewa baadaye kwamba kwenye bima ya aina hii hakuna mtu anayekuja kukagua shamba lako. Satelaiti inakadiria mvua ya eneo zima. Ikishuka chini ya kiwango walichoweka, mnalipwa wote. Isiposhuka, hata ubaki na bua moja, hupati kitu. Sisemi ni mbaya. Ndugu zetu wa Ismani kule Iringa, ambao ukame ni wa kila mara, ingewafaa, na inakuwa nafuu kwa sababu hakuna mkaguzi wa kulipwa posho. Lakini sisi huku tunaogopa mawe! Njombe na Makete wanaogopa baridi inayounguza viazi usiku mmoja. Nani alikaa mezani akaona mtu wa Umalila auziwe ukame?

Nilidai mkataba. Baada ya kusumbuana nikapewa kurasa 11, zote Kiingereza. Mtoto wa shangazi aliyemaliza kidato cha sita akanisomea mwanzo mpaka mwisho, mvua ya mawe haimo. Kikundi tuko 22, nimewauliza mmoja mmoja. Watatu tu ndio walijua kama wamekatwa bima. Wengine walidhani ni riba! Halafu kwenye semina, soda mkononi, wanasema wakulima hawana uelewa wa bima. Uelewa tuutoe wapi, kwenye meseji ya makato?

Wenye uzoefu naomba mnisaidie. TIRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima, wana ofisi ya kanda hapa Mbeya mjini, na nasikia yupo pia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ila kwanza lazima uwe umeilalamikia kampuni kwa maandishi. Hizo simu zangu nne zinahesabika? Na nimshitaki nani, aliyeandika ukame au aliyeniambia "shamba likiharibika"?

Deni bado linasoma. Juzi yule afisa mikopo kapita tena na fomu za msimu mpya. Nikamuuliza, bima ya safari hii inakinga nini? Akafungua begi, akapekua weee, akalifunga. Akasema atanipigia.