Uzi wa uzoefu: Umewahi kufika miji ya mbali kabisa kaskazini? Tuambie watu wanaishije

Mwanamsafara:
Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa waliokanyaga Svalbard (visiwa vya Norway), Greenland, Nunavut ya Kanada, Alaska ya juu na kwingine ambako jua huaga watu kwa miezi. Sharti ni moja: habari za baridi mwisho sentensi moja. Baridi tunajua ipo. Tupeni maisha: wanakula nini, wanajifungulia wapi, wanazikana wapi.

Nafungua mimi. Nilikwenda Longyearbyen, Svalbard, mwanzoni mwa Machi. Mji wa watu kama 2,500, nyuzi 78 kaskazini, ulioanzishwa 1906 na Mmarekani John Munro Longyear aliyefuata makaa ya mawe. Hotelini viatu vinabaki mlangoni, makumbusho hivyo hivyo. Ni desturi iliyoachwa na wachimbaji waliokuwa wakirudi na vumbi jeusi. Nyumba zimeinuliwa juu ya nguzo kwa sababu ardhi chini imeganda mwaka mzima, na juu yake ikiyeyuka tu, nyumba inakwenda upande.

Kufuga paka ni marufuku, wanalinda ndege. Ukitoka nje ya mji, sheria inakutaka uwe na kitu cha kumfukuzia dubu mweupe, na wengi hubeba bunduki. Ndiyo maana mlangoni mwa duka kuna alama ya kukataza silaha. Mjamzito huondoka wiki kama tatu kabla ya siku zake, akajifungulie Norway bara. Zile habari za mtandaoni kwamba huko ni marufuku kufa ni chumvi tu. Ukweli ni kwamba hawazikani tena kwa jeneza. Majivu ya marehemu yanaweza kuzikwa kwa kibali.

Nilichokifuata hasa ni tarehe 8 Machi. Jua hupotea tangu mwishoni mwa Oktoba, na siku hiyo mji mzima hukusanyika kwenye ngazi za hospitali ya zamani, kwa sababu hapo ndipo miale inapogusa kwanza, karibu saa saba mchana. Watoto wamechorwa jua usoni, wazee wamekuja na chupa za kahawa. Basi tukasubiri. Wingu! Hatukuona kitu. Wenyeji wakapiga makofi vile vile, wakaenda kula keki.

Nyoka wa Kisauni:
Mkuu, pombe je? Usijifanye hukuona.

Mwanamsafara:
Hahaha. Mkazi ana kadi ya mgao, bia na pombe kali zina kikomo kwa mwezi. Mgeni anaonyesha tiketi yake ya ndege dukani. Mvinyo hauna mgao wa namna hiyo, na wenyeji wanasema ni kwa sababu mabosi wa migodi ndio waliokuwa wanywaji wa mvinyo. Hapo sikushangaa hata kidogo.

Wanjiru_Karatina:
Na ile ghala ya Svalbard inayohifadhi mbegu za mazao ya dunia nzima? Sisi Wakenya tuna haki ya kuuliza. Ilipofunguliwa tarehe 26 Februari 2008, Wangari Maathai alikuwepo na Waziri Mkuu wa Norway wa wakati huo, Jens Stoltenberg, kuingiza sanduku la kwanza.

Mwanamsafara:
Mgeni haingii, unaishia kuutazama mlango uliochomoza mlimani. Lakini si pambo. Mwaka 2015 mbegu zilitolewa kwa mara ya kwanza, kusaidia kituo cha utafiti kilichopoteza ghala lake kwa vita vya Syria.

BintiWete:
Asalaam alaykum. Mimi nilipelekwa Iqaluit, Kanada, kwa mkataba wa uuguzi. Ndio mji mkuu wa Nunavut, watu elfu saba na ushei, na hakuna barabara inayouunganisha na Kanada nyingine. Ni ndege, au meli za kiangazi barafu ikiisha. Bei za dukani msiniulize, nilikuwa nashika nyanya naiweka chini.

Kilichoniweka hoi ni bahari. Sisi Pemba maji yakijaa mita nne tunasema bamvua limekolea. Ghuba ile maji hupanda na kushuka zaidi ya mita kumi! Yakipwa, mashua zinalala kwenye matope mbali kabisa na maji, na majira ya barafu ufukwe mzima ni mapande yaliyovunjika na kupandana.

Siku moja mgonjwa wangu wa zamani, bibi wa Kiinuit, wenyeji wa asili wa huko, alinialika. Wametandika maboksi sakafuni, juu yake nyama mbichi ya sili, samaki, na ngozi ya nyangumi pamoja na mafuta yake. Kila mtu anakata chake, wanawake kwa kisu chao cha nusu duara kiitwacho ulu. Nilikula samaki. Nyangumi nilimtafuna muda mrefu nikimtazama bibi, naye anacheka. Msikiti upo, ulifunguliwa 2016.

Sheikh_Mdogo:
Na saumu jua lisipotua?

Mlokole_wa_Ås:
Nilisoma Tromsø, kaskazini mwa Norway, na rafiki Mwislamu. Jua pale halitui kuanzia takriban 20 Mei hadi baada ya katikati ya Julai. Ramadhani iliangukia Juni, na wao wakafuata saa za Makka. Anafuturu jua likimchoma machoni, mimi nashika sambusa.

Mtoto wa Uvira:
Jambo wandugu. Miye naishi Hammerfest, Norway, nilipitia Nyarugusu, kambi ya wakimbizi Tanzania. Huku kulungu wa nchi za baridi wanaofugwa na Wasami, wenyeji wa asili, wanaingia mjini kiangazi, wanakula maua ya watu. Walijenga uzio, bado wanapenya. Kitu kimoja kilinifurahisha: makayabu, yaani samaki wa chumvi, tuliyokuwa tunanunua Congo, sehemu yake inatoka bahari za Norway. Nilimwambia jirani mvuvi, akaniuliza tunaipika aje. Nikamwalika, nikaweka nyanya na pilipili. Sasa kila mwisho wa juma anaulizia.

Nyoka wa Kisauni:
Mwanamsafara, viza ya Svalbard inapatikana wapi?

Mwanamsafara:
Svalbard yenyewe haidai viza, ni matunda ya mkataba wa 1920. Ndiyo maana utakuta Wathai na Wafilipino wengi wakifanya kazi pale. Lakini ndege inapita Norway bara, kwa hiyo omba viza ya Schengen (ya nchi za Ulaya zenye mpaka mmoja) ya kuingia zaidi ya mara moja. Ukipewa ya kuingia mara moja, kwenda utakwenda. Shida ni kurudi, maana kupita tena Norway bara kunahesabiwa ni kuingia mara ya pili.