DAP, Minjingu au samadi kwenye shimo la mpaini?

Wa Lupembe: Wakuu, salaam. Nina ekari 3, mashimo tayari mita 3 kwa 3, miche ya patula (aina ya mpaini) inaingia mvua za Desemba zikishika. Jirani anasema mbolea ya DAP, muuza pembejeo anasema mbolea ya NPK 17-17-17, shemeji anasema samadi inatosha. Pesa yangu inatosha mbolea au palizi, si vyote viwili.

Mama Viriba: Palizi, kaka. Ukimwaga mbolea kwenye nyasi, nyasi ndizo zitakazokula kwanza. Halafu, kabla ya kununua chochote, toa mche kwenye kiriba uangalie mizizi. Ukiona utando mweupe na vimizizi vifupi vyenye panda kama manati, huo ni ukungu unaoulisha mpaini. Ndiyo maana bustanini tunachanganya udongo uliotoka chini ya mipaini mikubwa. Mche usio na ukungu huo hudumaa na kugeuka njano hata uwekewe mfuko mzima. Shamba lilikuwa na nini? Kama ni viazi mviringo vya kila mwaka, mabaki ya mbolea bado yamo.

Mzee Makete: Nakubaliana na mama. Ila udongo mwekundu wenye tindikali hunyima mti fosforasi, na hapo mbolea husaidia kweli. DAP na TSP, mbolea nyingine ya dukani, zote zina fosfeti (fosforasi ya kwenye mbolea) asilimia 46. DAP inaongeza naitrojeni 18, ambayo magugu nayo yanaipenda. Mimi nachagua Minjingu, mbolea ya mawe ya fosfeti yaliyosagwa. Inayeyuka polepole, na tindikali ndiyo inayoiyeyusha. Mahindi hayana muda wa kuisubiri, mpaini unao. Usiweke chini ya mizizi. Toboa kando, shubiri moja kutoka shinani, upande wa juu wa mteremko, ufukie.

Kilolo Juu: Urea usiiguse siku ya kupanda. Niliitia shimoni, mvua ikakatika wiki nzima, sindano zikawa kahawia kuanzia nchani. Nilipoteza miche mingi sana. Samadi mbichi nayo iliniletea mchwa.

Wa Lupembe: Asanteni sana. Nimetoa miche mitatu jioni hii: miwili ina utando, mmoja hauna kitu. Shamba lilikuwa pori la nyasi, halijawahi kuona mbolea. Pesa inakwenda kwenye palizi. Nitanunua Minjingu kidogo tu, safu tano niweke, tano za pembeni yake niziache, nipime urefu mwakani.

Mama Viriba: Ule usio na utando rudisha bustanini, wakupe mwingine. Na safu hizo zipigie vigingi leo leo, nyasi zikipanda hutazitambua.